Mkaa Unaungua, Joto Linakwenda Wapi?

Kilo moja ya mkaa mkavu imebeba nishati ya karibu megajuli 29. Ukipiga hesabu, nishati hiyo inatosha kuchemsha zaidi ya lita 90 za maji ya bomba, yaani ndoo kubwa nne na nusu, kutoka nyuzijoto 25 hadi 100. Muulize mama lishe yeyote wa Tandika au Gikomba kama amewahi kuchemsha ndoo nne kwa kilo moja ya mkaa. Kwenye jiko la kawaida la bati, kilo hiyo inamfikisha kwenye ndoo moja, na mara nyingi ndoo yenyewe haijai. Joto la ndoo nyingine tatu na nusu amelinunua, amelibeba, amelipulizia mpaka macho yakatoka machozi, na halikuingia kwenye sufuria.

Halikuteketea pia. Kila mwanafunzi wa fizikia hufundishwa mapema kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, hubadilika sura na kuhama tu. Basi joto la ndoo tatu na nusu lazima liwe limefika mahali fulani, na sehemu lilikokwenda zinaweza kutajwa moja baada ya nyingine, kwa vipimo. Naona ni jambo la kusikitisha kwamba maelezo haya hukaa kwenye madaftari ya kidato cha pili, pamoja na michoro ya vyuma na mishumaa, wakati mtu anayeyahitaji zaidi ananunua mkaa wake kwa sado Dar es Salaam au kwa kasuku Nairobi, na bei inapanda kila msimu wa mvua.

Wapo waliolichukulia jiko kwa uzito unaostahili. Wa kwanza wa kutajwa ni Benjamin Thompson, mzaliwa wa Woburn, Massachusetts, mwaka 1753, aliyehamia Ulaya na baadaye kupewa cheo cha Count Rumford kwa utumishi wake katika dola la Bavaria. Vitabu vya fizikia humkumbuka kwa kazi moja. Katika karakana ya mizinga mjini Munich aliwafunga farasi kwenye mtambo wa kutoboa chuma, akatumia keekee butu, akauzamisha mzinga ndani ya maji. Baada ya saa mbili na nusu maji yakachemka bila moto wowote. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba joto ni aina ya umajimaji usioonekana uliojificha ndani ya vitu. Rumford aliona kwamba msuguano hutoa joto bila kikomo, maadamu farasi wanaendelea kuzunguka, na mwaka 1798 akatangaza mbele ya wanasayansi wa London kwamba joto ni mwendo. James Prescott Joule wa Manchester aliithibitisha hoja hiyo kwa vipimo makini katika miaka ya 1840, na jina lake ndilo tunalolitumia leo tunapohesabu nishati kwa juli.

Kinachosahaulika ni kwamba Rumford alitumia miaka mingi ya maisha yake jikoni. Alikuwa na jukumu la kulisha maskini wa Munich, na alipotazama majiko ya zama zake, moto wazi chini ya vyungu vilivyoning'inia, aliona kuni zikiunguzwa kwa ajili ya kupasha moto ukuta, dari na anga. Akajenga majiko ya matofali yaliyofungwa, kila chungu na tundu lake la moto, hewa ikiingia kwa mlango unaoweza kufungwa na kufunguliwa. Na aliwalaumu wapishi kwa kosa moja ambalo nitalirudia baadaye, kwa sababu ndilo linalokula mkaa mwingi zaidi katika nyumba zetu hadi leo.

Mionzi ya kaa jekundu

Joto huhama kwa njia tatu. Hupita ndani ya kitu kigumu, kama linavyopanda kwenye mpini wa kijiko kilichosahauliwa kwenye uji. Hubebwa na hewa au maji yanayosogea. Na hurushwa kama mionzi, bila kuhitaji kitu chochote cha kulibeba. Kwenye jiko la mkaa njia zote tatu zinafanya kazi kwa pamoja, lakini hii ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko watu wanavyodhani, na ndiyo inayoutofautisha mkaa na kuni. Kuni zina mwali mrefu unaolamba sufuria. Mkaa uliokolea hauna mwali mwingi. Unang'aa tu, na unapika kwa kung'aa.

Kaa jekundu linatoa mawimbi ya sumakuumeme, jamaa moja na mwanga, redio na mionzi ya hospitali. Yanasafiri kwa kasi ya kilomita 300,000 kwa sekunde. Wekundu tunaouona ni sehemu ndogo sana ya mawimbi hayo. Kaa lenye nyuzijoto 800 hutoa nguvu yake nyingi kwenye urefu wa wimbi wa karibu mikromita 2.7, wakati jicho la binadamu huishia karibu mikromita 0.7. Nguvu kubwa inayopika chakula iko nje ya uwezo wa macho. William Herschel, mwanamuziki aliyegeuka kuwa mwanaastronomia na ambaye tayari alikuwa ameigundua sayari ya Uranus, aliligundua hilo huko Uingereza mwaka 1800. Aliutawanya mwanga wa jua kwa prizimu, akaweka kipimajoto kwenye kila rangi, kisha akakiweka pembeni ya rangi nyekundu mahali pasipoonekana mwanga wowote. Kipimajoto kikapanda zaidi.

Unaweza kuyahisi mawimbi hayo usiku wa leo. Chuchumaa mbele ya jiko lililokolea, kisha weka kipande cha boksi kati ya uso wako na makaa. Joto usoni linakatika papo hapo. Kama lingekuwa limeletwa na hewa ya moto, lingechelewa kidogo kuondoka. Mionzi haichelewi.

Namna mionzi inavyoongezeka inashangaza. Josef Stefan, aliyekuwa Vienna, aliona mwaka 1879 kwamba nguvu inayorushwa na kitu cha moto huongezeka kwa kipeo cha nne cha joto lake, likipimwa kutoka sifuri halisi, nyuzi 273 chini ya barafu inayoyeyuka. Ludwig Boltzmann akaitolea hoja ya kinadharia mwaka 1884. Tafsiri yake jikoni ni hii: makaa ya nyuzijoto 600 yanaweza kurusha hadi kilowati 33 kwa kila mita ya mraba, na yakipanda hadi 800 yanaweza kufikia kilowati 75. Joto limeongezeka kwa kiasi, mionzi imezidi maradufu. Duara la makaa lenye upana wa sentimita 20, ukubwa wa jiko dogo la nyumbani, kwa nyuzijoto 800 linarusha karibu kilowati 2 nzima, sawa na birika kubwa la umeme.

Mtu akipepea jiko kwa kipepeo, au kwa mfuniko wa ndoo, na makaa yakageuka kutoka wekundu mzito kuwa rangi ya chungwa, anaipandisha namba hiyo. Na mpishi anayeyafunika makaa kwa jivu ili moto ulale anaishusha. Jivu linazuia oksijeni, na uso wake ni wa baridi kuliko kaa lililo chini yake, hivyo mionzi inapungua sana na kaa linakaa hadi alfajiri.

Swali la rangi ya kitu cha moto, kwa nini kinaanza na wekundu na kuelekea weupe kinapozidi kupata joto, liliwatesa wanafizikia wa Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19. Max Planck alilipatia jibu mwaka 1900, na jibu lake lilimlazimu kukubali kwamba nishati hutolewa kwa vipande vidogo vidogo visivyogawanyika. Hapo ndipo ilipozaliwa fizikia ya kwanta, ambayo bila hiyo tusingekuwa na simu tunazobeba mfukoni. Rangi ya kaa lilelile.

Wapishi wa pwani wana ufundi unaoitumia mionzi hii kwa ukamilifu, nao ni kupalia makaa. Wali ukikaribia kukauka, au mkate wa kumimina ukiwa umeshamiminwa kwenye sufuria, makaa yanapunguzwa chini na mengine yanawekwa juu ya mfuniko. Hewa ya moto hupanda, kwa hiyo makaa ya juu hayawezi kupika kwa kupeleka hewa ya moto chini. Yanaupasha moto mfuniko, na mfuniko unarusha mionzi kuelekea chini, kwenye uso wa mkate, ukageuka hudhurungi. Chakula kimezungukwa na joto pande zote, hakuna upande unaovujisha. Waliobuni njia hii waligeuza sufuria ya kawaida kuwa oveni bila kununua kitu.

Kuna jambo dogo ambalo huenda likawaudhi wengi, kwa sababu sufuria inayong'aa ni heshima ya nyumba. Alumini iliyosuguliwa kwa jivu na mchanga hadi ikawa kama kioo huakisi sehemu kubwa ya mionzi inayoipiga. Kitako cheusi kinaimeza. Kwa jiko la mkaa, sufuria bora ni ile yenye kitako kilichobaki cheusi, masizi membamba yaliyoshikamana, na ubavu na mfuniko unaong'aa, kwa sababu uso unaong'aa pia hutoa mionzi kidogo na hivyo kutunza joto lililokwisha kuingia. Sugua pale wageni wanapopaona, kitako kiache.

Udongo ndani ya bati

Mionzi inaruka kila upande, haichagui. Ile inayokwenda juu inaipiga sufuria, ile ya pembeni inaupiga ukuta wa jiko. Ukuta ukiwa bati tupu, unapata moto haraka na kuanza nao kurusha joto nje, kwenye miguu ya mpishi na sketi za watoto wanaopita. Hapa ndipo lilipofanyika badiliko moja ninaloliona kuwa miongoni mwa kazi bora za uhandisi Afrika Mashariki.

Mwezi Agosti 1981 Nairobi iliandaa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu vyanzo vipya vya nishati. Katika miaka iliyofuata wabunifu wa Kenya, akiwemo Maxwell Kinyanjui, wakiungwa mkono na shirika la KENGO, walilichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, lenye udongo uliochomwa ndani ya mkebe, na kulioanisha na jiko la bati la kwetu. Jaribio baada ya jaribio likazaa jiko lenye kiuno chembamba, mapana juu na mapana chini, na kikombe cha udongo chenye matundu kilichokaa sehemu ya juu tu. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo walikunja bati, wafinyanzi wakachoma vikombe, na biashara ikasambaa yenyewe hadi nchi jirani. Tanzania tumezoea kuyaita majiko banifu.

Chuma hupitisha joto karibu mara 50 zaidi ya udongo uliochomwa. Ukuta wa udongo unalizuia joto lisikimbie, na uso wake wa ndani, ukishakuwa mwekundu, unaurudisha moto kwa makaa yenyewe. Makaa yanabaki na joto la juu, na tumeshaona kipeo cha nne kinavyolipa joto la juu. Jiko la bati huingiza kwenye sufuria asilimia 10 hadi 20 ya nishati ya mkaa. Jiko zuri la udongo, likiwa mikononi mwa mpishi makini, hufika kati ya 25 na 40.

Nasema jiko zuri kwa makusudi. Sokoni kuna vikombe vilivyochomwa nusunusu ambavyo hupasuka ndani ya mwezi, na vingine vimepachikwa bila saruji nyuma yake, hewa ikipita kati ya udongo na bati. Mnunuzi agonge kikombe kwa kidole: kilichoiva hutoa mlio mkali, kibichi hutoa mlio mzito. Na kwa anayechemsha kikombe kimoja cha chai, faida si kubwa hivyo, kwani udongo wenyewe lazima upashwe moto kwanza. Jiko hili linajilipa kwenye makande, maharage, supu ya makongoro.

Njia ya pili, ile ya hewa, nitaipitia kwa ufupi. Gesi za moto zinapanda kando ya sufuria na kutoroka. Sufuria pana iliyokaa karibu na makaa inazikamata. Kisufuria kidogo juu ya jiko kubwa kinaziacha zipite. Upepo wa baraza unazipeperusha kabla hazijagusa chochote, na bati la kukinga upepo linazuia hasara hiyo bila gharama ya maana.

Ila hewa ina jambo jingine ambalo siwezi kulipita kwa haraka. Mkaa ni kaboni. Kaboni ikipata oksijeni ya kutosha huungua kuwa kaboni dioksidi na kutoa megajuli karibu 33 kwa kilo. Ikinyimwa hewa inaishia njiani, ikawa kaboni monoksidi, na kutoa megajuli 9 tu. Zaidi ya theluthi mbili ya nishati inaondoka ndani ya gesi hiyo bila kuungua. Jiko lililozibwa na jivu chini linaharibu mkaa kwa namna hii. Na gesi yenyewe haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kila msimu wa baridi, Njombe, Makete, Limuru, Nyandarua, kuna familia inayoingiza jiko chumbani, inafunga madirisha, inalala, na haiamki. Makaa yanayoonekana kutulia, yasiyotoa moshi, ndiyo hatari zaidi, kwa sababu moshi wa kuni humtoa mtu nje akikohoa na gesi hii haimwamshi. Jiko la mkaa halilali na watu. Mlango ukiachwa wazi kidogo bado si salama ya kutegemea.

Maharage yanapotokota

Sasa nirudi kwenye lawama ya Rumford.

Sufuria ya maharage ikianza kutokota kwa nguvu, mapovu yakirusha mfuniko, wengi huona ndiyo dalili ya kuiva haraka. Maji yanayotokota taratibu na maji yanayotokota kwa fujo yana joto lilelile. Kwenye usawa wa bahari ni nyuzijoto 100, na huwezi kuyapandisha zaidi hata ukijaza jiko gunia zima. Moto wote unaozidi unakwenda kugeuza maji kuwa mvuke, na kazi hiyo ni ghali mno. Kuipasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji kilojuli 314 hivi. Kuigeuza lita hiyohiyo kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,260, mara saba zaidi, bila joto kupanda hata nyuzi moja. Joseph Black wa Glasgow alilipima joto hili lililojificha katika miaka ya 1760. Rumford akalipeleka jikoni na kuandika kwamba wapishi wanateketeza kuni kwa kuchemsha kwa nguvu kitu ambacho kingeiva sawasawa kwa kutokota polepole.

Tuweke namba za nyumbani. Jiko linalokula nusu kilo ya mkaa kwa saa linatoa karibu kilowati 4. Kwa ufanisi wa asilimia 20, wati 800 zinaingia kwenye sufuria. Sufuria ya familia iliyofunikwa, ikishachemka, inahitaji labda wati 200 kufidia joto inalovujisha ubavuni. Zile 600 zilizobaki zinageuza maji kuwa mvuke, karibu lita moja kila saa. Ndiyo maana mtu anayechemsha maharage kwa saa tatu anaongeza maji mara kwa mara na kulalamika kwamba maharage haya yanakunywa. Hayakunywa kiasi hicho. Maji yameondoka dirishani pamoja na zaidi ya nusu ya joto lililoingia kwenye sufuria.

Dawa inajulikana na bibi zetu wote: maharage yalowekwe usiku, sufuria ifunikwe, ikishachemka makaa yapunguzwe, mlango wa jiko ufungwe kiasi. Kinachofaa zaidi hata ya hapo ni kapu la kupikia. Sufuria iliyochemka inaondolewa motoni na kuzikwa ndani ya kapu lililojazwa majani makavu ya mgomba, pamba au vitambaa. Hewa iliyonaswa kati ya majani haisogei, na hewa isiyosogea ni miongoni mwa vitu vinavyopitisha joto kidogo kuliko vyote jikoni. Wali huiva humo bila kaa hata moja.

Milimani mambo ni magumu zaidi. Nairobi na Mbeya ziko karibu mita 1,700 juu ya bahari, kanieneo ya hewa imepungua, na maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi. Nyuzi sita zinaonekana kidogo. Lakini kwa kanuni ya kukadiria, mabadiliko ya kikemia kama ya kulainika kwa maharage huenda kwa nusu ya kasi kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10. Mbeya inalima maharage mengi na kuyapika kwa muda mrefu kuliko Dar es Salaam inayoyanunua.

Sufuria ya presha inaligeuza tatizo hilo. Denis Papin, Mfaransa aliyefanya kazi London, aliionyesha mwaka 1679: mvuke ukifungiwa, kanieneo inapanda, na maji yanakataa kuchemka hadi yafike karibu nyuzi 120. Maharage yanayochukua saa mbili na nusu yanaiva kwa chini ya saa moja, na mvuke hautoki. Ile ya umeme, iliyozungushiwa kizuia joto, hupika sufuria ya kawaida ya maharage kwa umeme usiofika yuniti moja, yaani chini ya megajuli 3.6. Jiko la bati kwa kazi ileile, likiunguza zaidi ya kilo moja ya mkaa, linakula zaidi ya megajuli 30. Piga mwenyewe hesabu kwa bei ya tokeni zako za Luku na bei ya mkaa wa mtaani kwako.

Namba hizi ndizo zinazonifanya niunge mkono kwa moyo wote Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Tanzania mwaka 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Hakuna ufanisi wa jiko la mkaa unaolingana na kuuondoa moshi wenyewe. Lakini mtungi wa gesi unanunuliwa kwa pesa ya mkupuo, na mkaa unanunuliwa kwa pesa ya leo. Mamilioni watapika kwa mkaa kesho, na mwakani, na miaka kadhaa baada ya hapo. Mkakati unaowahesabu kama watu wa kuhamishwa tu, bila kuwapa kikombe cha udongo kilichoiva vizuri na maelezo ya mvuke, unawaacha walipie ndoo tatu na nusu kila siku katika muda wote wa kungoja.

Kabla ya jiko

Hasara kubwa kuliko zote, hata hivyo, imeshatokea kabla gunia halijafika mjini.

Tanuri la kienyeji la udongo hutoa kilo moja ya mkaa kwa kila kilo 6 hadi 10 za kuni. Tuchukue 8. Kilo 8 za kuni zilizokauka kwa hewa zina megajuli 128 hivi. Kilo moja ya mkaa inayotoka ina 29. Nyingine 99 zimetoka na moshi mweupe ulioonekana ukifuka porini kwa wiki nzima. Ukiuunguza mkaa huo kwenye jiko la bati kwa asilimia 20, kinachoingia kwenye sufuria ni megajuli 6 kati ya 128, chini ya asilimia 5 ya nishati ya mti. Kuni zilezile zingeungua kati ya mafiga matatu zingeingiza zaidi, pamoja na kasoro zote za mafiga. Mji unapenda mkaa kwa sababu ni mwepesi kusafirisha, hauozi, na moshi wake umebaki porini.

Ndani ya tanuri, fizikia ni ileile ya sufuria ya maharage. Mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukizika kilo 8 za kuni mbichi, umezika takriban lita 4 za maji, na hakuna kitakachokuwa mkaa mpaka maji hayo yageuke mvuke. Kazi hiyo inataka karibu megajuli 10, na chanzo pekee cha kuzitoa ni kuni zenyewe. Sehemu ya rundo inajiunguza ili kukausha sehemu nyingine. Tanuri linalovuja hewa linaongeza hasara, kwa kuwa kila ufa unageuza mkaa uliokwisha kuiva kuwa jivu.

Tanuri la Casamance, lililopewa jina la eneo la kusini mwa Senegal, hupanga kuni juu ya fito ili hewa ipite chini, na kuweka bomba la moshi pembeni, mara nyingi la mapipa ya mafuta yaliyounganishwa, linalovuta gesi za moto kurudi chini kupitia kuni kabla hazijatoka. Mchomaji mwenye uzoefu hupata nalo kilo 25 au zaidi kwa kila kilo 100 za kuni, pale ambapo tanuri la kawaida humpa 12 au 13. Gharama yake ni mapipa, na wiki chache za subira kuni zikiwa zimepangwa juani, zikipoteza maji yao kwa joto ambalo halikukatiwa mti wowote.